Chesi ya Ng'ambo, Bodi ya Fundi

Gari lililoshinda mashindano ya Safari Classic mwaka 2013 lilikuwa chotara. Lilikuwa Ford Capri, aina ya gari la kispoti lenye bonneti ndefu ambalo Ford waliliingiza sokoni mwaka 1969, wakiliunda Uingereza na Ujerumani kwa ajili ya Mzungu aliyetamani Mustang ya Marekani lakini mfuko ukamkatalia. Ila Capri ya Ian Duncan, dereva wa Kenya, ilikuwa ya mtindo uitwao Perana. Perana ni kazi ya Basil Green wa Afrika Kusini, ambaye kuanzia mwaka 1970 alikuwa akizichukua Capri mpya, akitoa injini ya kiwandani na kupachika V8 ya Kimarekani ya lita 5. Ziliundwa chache tu. Umbo la Ulaya, injini ya Marekani, mikono ya Afrika Kusini, usukani kwa Mkenya: ndilo gari lililowabwaga waliokuja na Porsche zao.

Safari Classic ilianza mwaka 2003, kuadhimisha miaka 50 tangu mbio za magari za Coronation Safari za 1953, ambazo baadaye ziliitwa Safari Rally, na mara kadhaa imeanzia na kuishia Mombasa. Kwa hiyo watu wa Pwani wameyaona kwa macho magari ambayo kwingineko hufungiwa gereji na kufunikwa shuka. Dereva Björn Waldegård, marehemu sasa, alishinda na Escort mwaka 2007, akarudi na Porsche 911 mwaka 2011 akashinda tena. Kila magari hayo yakipita, simu zote huinuliwa juu. Lakini matatu iliyomleta mtazamaji mpaka ukingoni mwa barabara nayo ilikuwa gari lililokatwa, likaungwa, likapewa madirisha na viti ambavyo halikuzaliwa navyo. Hiyo hakuna aliyeipiga picha.

Malalamiko yangu ni hayo hasa. Tangu Likoni mpaka Lunga Lunga, hapa pwani ya kusini ya Kenya, magari mengi yanayobeba watu yamepita mikononi mwa fundi aliyebadilisha umbo lake. Kuna Hiace iliyotoka Japani ikiwa gari la mizigo, bila siti wala kioo ubavuni, na leo inabeba abiria 14 kutoka kivuko hadi Ukunda. Kuna gari la watalii lenye paa linaloinuka, na lori la miwa la Msambweni lenye tela iliyochomelewa hapahapa. Uingereza kazi ya namna hii ina majina, ina vitabu, ina wanunuzi wanaogombana mnadani. Kwetu ina risiti ya mkono, ikipatikana.

Tuanze na hao wenye majina. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, tajiri wa Kiingereza aliyenunua Rolls-Royce au Bentley hakupewa gari zima. Aliuziwa chesi, injini na magurudumu, kisha akaipeleka kwa waunda bodi kama Park Ward au Mulliner, akachagua umbo la paa, ngozi ya viti na mbao za dashibodi, kama bwana harusi anavyochagua kanzu kwa mshonaji. Viwanda vikubwa vilipoanza kuifanya bodi na chesi kuwa kitu kimoja, waunda bodi wengi walifunga milango. Walionusurika waliishi kwa kuyakata magari ya wengine.

Mmoja wao alikuwa Harold Radford wa London. Miaka ya 1960 aliletewa Aston Martin DB5, lile gari la James Bond, na kuagizwa alifanye kama stesheni wagoni. Aliyeanzisha wazo hilo ni mwenye kampuni mwenyewe, David Brown, aliyetaka nafasi ya mbwa wake na bunduki za kuwindia. Wakulima wazee wa Afrika Mashariki watalitambua jina hilo, maana lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa matrekta. Herufi D na B za Aston Martin ni za mwenye trekta huyohuyo. Radford aliunda DB5 za namna hiyo kama 12 hivi. Kazi haikuwa rahisi. Bodi ya DB5 ni alumini nyembamba iliyovishwa juu ya vijibomba vya chuma, utaratibu wa Waitaliano wa Milano, na ukishaikata sehemu ya nyuma nguvu inaondoka na unalazimika kuirudisha kwa njia nyingine.

Lakini walionivutia zaidi ni Lynx wa St Leonards-on-Sea, mji ulio pwani ya kusini ya Uingereza. Nao wa pwani ya kusini, ukipenda. Kati ya mwaka 1982 na 2002 hao walichukua Jaguar XJ-S, gari la milango miwili lenye mgongo mteremko, wakaling'oa paa na zile mbavu mbili za nyuma, wakalijengea paa jipya refu lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Tangi la mafuta, ambalo kwenye XJ-S lilikaa nyuma ya viti, wakalihamisha kulipeleka chini ya sakafu. Gari hilo waliliita Eventer. Yaliundwa 67, na wenye mapenzi nayo wanayafahamu moja moja: hili lilikuwa la rangi gani, lilipata injini ipi, limeuzwa nchi gani.

Ukiziweka pembeni pesa na ngozi ya viti, tatizo walilokuwa nalo Lynx ndilo hilohilo alilo nalo fundi wa Ukunda anapoletewa Hiace aitie paa la watalii.

Gari la kizamani, kama Land Rover au lori, lina chesi: fremu nene ya chuma chini, na bodi imekalishwa juu yake kwa bolti. Bodi ya gari kama hilo waweza kuitoa yote na fremu ikaendelea kwenda sokoni bila aibu. Gari la kisasa kwa kawaida halina fremu hiyo. Paa, sakafu, mbavu na nguzo za milango vyote vimeshikamana na kugawana uzito, mfano wa yai. Ukitoboa paa umeondoa sehemu ya mifupa, si kofia.

Sasa tazama kazi yenyewe. Gari linaingia uwanjani na kuwekwa penye ardhi sawa. Siti zinatolewa, kitambaa cha dari kinabanduliwa na kuwekwa kando bila kuchanwa, kwa sababu kitarudi. Mstari unachorwa kwa chaki juu ya paa, na fundi mzuri hachori mpaka apapase kwa ndani kujua mbavu za paa zimepita wapi. Pembe nne zinatobolewa kwanza kwa drili, mviringo, ili bati lisije likapasuka kuanzia penye kona kali. Kabla ya grinda kulia milango yote inafungwa. Lile bati lililokatwa halitupwi, ndilo litakuwa kifuniko. Ukingo wa tundu unazungushiwa fremu ya paipu za mraba, na hapo ndipo fundi anapopimwa. Bati la paa halifiki unene wa milimita 1. Ukilichoma mstari mmoja mfululizo, joto litalifanya lijikunje mithili ya karatasi iliyolowa. Kwa hiyo anachoma nukta hapa, nukta upande wa pili, anasubiri, kitambaa cha maji kikipita nyuma ya weldi. Mtazamaji asiyejua atadhani anavuta muda ili aongeze bei.

Kisha kuna jaribio ambalo halijaandikwa popote. Kazi ikiisha, fundi haendi kwenye paa. Anaenda ubavuni na kuuvuta mlango wa kuteleza. Ukienda kama ulivyokuwa ukienda asubuhi, bodi iko sawa. Ukikwama hata kidogo, gari limekaa mshazari, na litaendelea kukaa mshazari mpaka litakapouzwa kwa mtu asiyejua kuvuta mlango.

Mazungumzo ya mwenye gari na fundi nayo yana kawaida yake.

"Fundi, Ijumaa itatoka?"

"Ijumaa Mungu akipenda, mzee wangu. Ila rangi ikikataa kukauka usinilaumu mimi, mlaumu kusi."

Na kusi kweli ina lawama. Upepo huo unapovuma kutoka baharini huja na unyevu na chumvi, na gari linalolala Diani karibu na ufuo halizeeki kama gari la Nakuru. Hapo ndipo Land Rover, gari la Kiingereza lililozoeleka kuliko yote Afrika Mashariki, linapokuwa somo. Maurice Wilks na kampuni ya Rover walilitoa mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo Uingereza baada ya vita, hivyo bodi wakaifanya ya alumini. Wengi wakaamini gari haliozi. Alumini kweli haili kutu kama chuma, lakini chesi ni chuma, na pale alumini inapogusana na chuma huku chumvi ikiwa shahidi, alumini huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Land Rover ya pwani unaweza kuikuta mashavu yanang'aa na mgongo umeoza. Dawa za hapa ni za tangu zamani: kukata kipande kilichooza na kuchomelea kipya, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na oili chafu kupakwa chini ya gari. Hiyo ya mwisho inanuka, lakini inafanya kazi.

Land Rover pia ndilo gari lililokatwa kwa kila namna inayofikirika. Zile zilizounganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland, kilichoanzishwa miaka ya 1970, ziliingia serikalini, mashambani na mbugani, na kila aliyezipata alizigeuza kwa shida yake. Zikafuata Land Cruiser, ambazo chesi zake hukatwa katikati na kurefushwa ili watalii wapate safu nyingine ya viti. Siku hizi hata injini hutolewa. Kampuni ya Opibus ya Nairobi, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, ilijijengea jina kwa kuyatia magari ya safari mota na betri. Basil Green angewaelewa mara moja, ingawa huenda angeulizia kelele imekwenda wapi.

Ufundi huu una ukoo. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waliletwa mafundi kutoka India, na miongoni mwao Masingasinga wenye ujuzi wa chuma na mbao. Reli ilipokwisha, wengi walibaki. Lori liliingia nchini likiwa pua na chesi tupu, na mtu wa kulijengea mgongo wa mbao alikuwa fundi Kalasinga. Jina kama Labh Singh Harnam Singh lingali kwenye mabasi. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alitoka katika ulimwengu huohuo wa gereji, akashinda Safari Rally mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ile ya 1965 alishinda na Volvo PV544 iliyokwishatumika, si mpya kutoka kiwandani. Ndugu yake Jaswant alikuwa kando yake. Nasema hivi kwa sababu tukitaja Safari tunamtaja dereva, na tunasahau kwamba dereva huyu alikuwa fundi kwanza.

Waafrika walijifunza kwa Masingasinga kama vibarua na wanagenzi, wakatoka na kufungua zao chini ya miti. Matunda yake ya kwanza yaliyoonekana kwa wingi barabarani yalikuwa pikapu za matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na soko likafunguka. Fundi alichukua pikapu, akaijengea kibanda cha bati nyuma, madirisha mawili matatu, mabenchi mawili ya urefu, abiria wakiketi wakitazamana magoti kwa magoti. Aliyepanda hizo akiwa mtoto hasahau; ukishuka unajua jirani yako amekula nini. Ziliitwa face-me. Zilikuwa mbaya kwa usalama, sitazipamba. Lakini zilikuwa bodi zilizoundwa kwa mkono, moja moja, kwa kipimo cha barabara na cha mfuko wa mteja, jambo ambalo kama lingefanyika Uingereza lingepewa heshima.

Na tukitaka ukoo wa mbali zaidi, twende Gazi, Shimoni au Vanga. Morgan, kampuni ya Kiingereza ya Malvern inayounda magari ya kispoti hadi leo, bado inatumia fremu ya mbao kuyashikilia mabati ya bodi yake, na wageni hulipa kuingia kiwandani kuwatazama maseremala wakipiga randa. Mwunda mashua wa Vanga atacheka. Yeye hulaza mkuku, akapandisha mbao za ubavu, na mataruma mengi yakafuata baadaye, yakichongwa kulifuata umbo lililokwisha kujitokeza. Fundi wa bodi hufanya kinyume: mifupa kwanza, ngozi baadaye. Lakini jicho ni lilelile, la mtu anayejua kwa kutazama kwamba upande mmoja umezidi. Vyaelea, vimeundwa. Hakuna anayemuuliza mwunda mashua cheti, ingawa bahari nayo ina ukaguzi wake.

Barabara haina subira hiyo. Oktoba 2018, basi lilibingirika Fort Ternan, Kericho, paa likafumuliwa, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Ajali hiyo ilifanya mazungumzo ya bodi za mabasi yasiwe ya rangi na muziki tena. Kenya ina kiwango kinachoeleza bodi ya gari la abiria ijengwe vipi, KS 372, na ina Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kwenye karatasi mambo yamekaa vizuri. Ugumu ni kwamba kiwango kimeandikwa kwa mtu mwenye kiwanda, mhandisi na michoro, na bodi nyingi zinarekebishwa na mtu mwenye grinda, mashine ya weldi na kijana wa kushika upande wa pili. Wapo wanaosema dawa ni kuwafunga wote. Sikubaliani nao. Ukimfunga wa Ukunda, kazi haitahamia kiwandani. Itahamia nyuma ya nyumba, usiku, kwa mtu ambaye hata mlango hatauvuta.

Lynx nao walikuwa karakana. Hawakuwa Jaguar. Gari lilitoka kiwandani likiwa zima, lenye dhamana, na wao wakalikata. Tofauti kubwa kati yao na mtaa wetu haikuwa chuma wala akili. Waliandika. Kila Eventer ina mahali pake kwenye orodha, na kwa sababu hiyo miaka 40 baadaye mnunuzi anajua nani alilikata, lini, na alilitia nguvu vipi. Kuwa 67 ni adimu kwa sababu kuna mtu aliyehesabu. Hapa kwetu pengine kuna mtindo wa paa uliofanyiwa magari matano tu ya hoteli fulani za Diani kabla fundi wake hajafariki, na hatutajua, kwa kuwa magari hayo yalikwisha kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kuna na hasara ya papo kwa papo. Sheria inamtaka mwenye gari aarifu akilibadilisha umbo, na cheti cha usajili kina nafasi ya aina ya bodi, rangi, namba ya chesi na namba ya injini. Hakina nafasi ya aliyeijenga bodi. Hivyo basi fundi anayechoma nukta kwa nukta na fundi anayejaza puti mahali penye tundu wanalipwa karibu sawa, na wa pili humaliza Jumatano. Gari likipata ajali, hakuna karatasi inayomwonyesha. Likidumu miaka 20, hakuna karatasi inayomsifu wa kwanza.

Kibati kidogo cha chuma chenye jina la karakana, mwezi na mwaka, kilichopigwa ripiti juu ya mlango wa dereva, hakifikii bei ya kopo la rangi. Waunda mabasi wakubwa tayari wanaviweka vyao, kwa fahari ya biashara. Kaunti ya Kwale inayo mafunzo ya ufundi na inayo vijana wa weldi. Kuwaambia kwamba kazi isiyo na kibati haitapita ukaguzi hakuhitaji sheria mpya Nairobi iliyojaa vifungu. Kinachohitajika ni mkaguzi anayejua kuuliza. Mpaka hapo, mtu anayenunua gari la watalii lililotumika huko Diani itambidi aendelee kufanya wafanyavyo wajuao: aupite mlango wa dereva, asifungue bonneti kwanza, aende ubavuni auvute mlango wa kuteleza, na ukikwama arudishe ufunguo.